Shamba la Chai Ndani ya Kompyuta

Mjukuu wangu Kiprono,

Chamgei! Sisi hapa Litein tu wazima, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Umeniuliza kwa nini shamba la chai unalotengeneza kwenye kompyuta, la kufundishia watoto, linaonekana la uongo na hali kila jani ni safi. Hilo nalijua. Miaka ya tisini nilifundisha kilimo shule ya wasichana, na mwenzangu Otieno, mwalimu wa hesabu, alitengeneza shamba kama lako. Alichora jani moja zuri, akalirudia kila mahali. Mwalimu mkuu alitaka kompyuta irudi ofisini, kwa hivyo ilibidi somo lifaulu ili ibaki darasani.

Tulimwita Chepkoech alijaribu, msichana wa Mulot, kwao ni ngano tu, chai hajawahi kuichuma. Alizunguka kwa kipanya ndani ya shamba lile, akasimama.

"Mwalimu, nichume yapi? Yote yanafanana."

Otieno alinuna. Mimi nilienda shambani na kikapu, nikachuma majani machanga, magumu, hata yaliyotobolewa na wadudu. Tuliyalaza kwenye skana moja moja, na Otieno akapanga shamba lake upya kwa picha hizo, wasichana wakajifunzia humo.

Wiki iliyofuata tuliwapeleka wasichana shamba la kweli. Chepkoech alichuma majani mawili na chipukizi, akaacha magumu, wala hakumtazama mtu amwelekeze. Otieno ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Kompyuta ilibaki darasani.

Basi acha kusafisha majani yako. Njoo Desemba na kamera, nikutembeze shambani mimi mwenyewe kabla magoti hayajakataa.

Ni mimi bibi yako, kogo,
Tapsabei