Baba Amebakiwa na Neno Moja

Ukunda

Kaka Musyoka,

Pokea salamu zangu. Natumaini wifi na watoto hawajambo, na kwamba mvua imewakumbuka huko Mutomo. Sisi huku tupo, twamshukuru Mungu.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa kuwa chumba ni hiki kimoja, na sitaki kumzungumzia Baba ilhali amekaa hapo ananisikia. Maana anasikia, kaka. Kiharusi kilimpoozesha mkono na kumfunga maneno, lakini akili yake ipo. Hata daktari wa Msambweni alisema hivyo. Yule dalali aliyewachekesha watu mnadani mpaka mbuzi aliyekonda akapata mnunuzi, leo amebakiwa na neno moja tu: "Kesho." Akitaka maji, kesho. Akikasirika, kesho.

Nikitoka kufua mashuka hotelini narudi na hamu ya kuongea Kikamba. Huku sina mwingine wa kuongea naye. Namsimulia siku yangu, anatikisa kichwa, basi. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanasha, humwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mzee," akasimama kungoja ajibu. Wengine humpigia kelele kama kiziwi, au huniuliza mimi, "Amekula?" na mwenyewe yuko pale.

Wiki iliyopita alitoka peke yake. Nilimkuta stendi amezungukwa na vijana, wakidhani amelewa.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Kesho."

"Basi rudi hiyo kesho!" Wakacheka.

Nilimshika mkono, akautoa. Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma, machozi yananitoka.

Tulipofika nilizima redio, nikakaa mbele yake, nikamuuliza jambo moja moja. Ni kichwa kinauma? Akakataa. Kuna aliyekuudhi? Akakataa. Unataka kwenda nyumbani? Akanikamata kwa ule mkono mzima, asiniachie.

Kwa hiyo njoo umchukue, kaka. Najua uliacha kupiga simu kwa sababu kimya chake kinakuumiza. Hata mimi kinaniumiza. Usimmalizie maneno, mngoje. Usimseme mbele yake. Daktari amemruhusu kusafiri, ila dawa za presha asizikose hata siku moja.

Msalimie wifi, mwambie namwachia mzigo mzito na ninalijua hilo. Msalimie na shangazi Kalekye. Akae karibu na ndugu yake, amwongeleshe kama zamani.

Jana nilianza kumfungia begi. Nilitoka kuchota maji, na niliporudi nikakuta ameanua leso zangu kwenye kamba, ameziweka juu ya mashati yake. Nikamwambia, "Baba, mimi nabaki. Kuna kazi." Nikazitoa. Akazirudisha moja moja kwa mkono wake mmoja, akazikandamiza, akaketi kando ya begi kulilinda.

Sijathubutu kuzitoa tena.

Ni mimi mdogo wako,
Mwende