Betri kwa Kizungu

Kwa binti yangu Awuor, huko Rusinga,

Sisi Migori tuko, mvua imenyesha, na mahindi yangu yameshinda ya jirani wote kwa urefu. Simu yako haishiki, ndiyo maana nampa dereva Sammy akuletee karatasi hii.

Joyline wako alimeza ile betri ndogo ya saa yangu. Usiniulize aliitoa wapi. Nilimbeba hospitali mara moja. Nesi akauliza amemeza nini, nikamjibu kwa Kizungu, "Button!" Fundi Hemed huiita hivyo, na Hemed anajua saa. Nesi akacheka, "Kifungo cha shati? Kitatoka na choo, mzee. Nendeni nyumbani."

Jana mtoto akakataa uji, akaanza kutoa mate yenye damu. Nikamrudisha, wakampiga picha. Daktari akanifokea, "Mzee, si ungesema tu betri?" Nikamwambia nilisema kwa lugha yenu, na neno sikukosea.

Betri imemchoma koo. Sasa yuko ndani anapasuliwa. Wananieleza mambo mengi, nami naitikia tu, "Yes, yes."

Njoo leo, nyathina, mwanangu. Kizungu changu kimeniishia.

Baba yako,
Obiero