Taa Mbili za Chaja ya Baba

Kwa Kaka Kiyoharu,

Salamu kutoka nyumbani, ambako Machi imefika na theluji bado iko usawa wa dirisha. U mzima huko Nagoya? Unapika, au bado ni zile tambi za kikombe? Sisi hatuumwi, ila bega la Baba ni lile lile tangu lilipoteguka. Hawezi kukaza skrubu kwa mkono. Bila drili yake ya betri hana kazi.

Bibi Onodera alimpa kazi ya kuweka vishikio vya ngazi nyumbani kwake, kazi pekee aliyopata tangu baridi ianze. Alhamisi chaja ikaanza kuwaka nyekundu na kijani kwa kupokezana, huku inalia. Baba akasema imekufa. Nikasoma karatasi ya maelezo: nyekundu iliyotulia, inachaji; nyekundu ya kupepesa, betri ina joto, isubiriwe; rangi mbili kwa kupokezana, betri haichajiki. Nikachomoa waya, nikafuta vyuma vya betri kwa kitambaa kikavu, nikajaribu soketi ya jikoni. Taa zikabaki vile vile.

Nikaazima betri ya Bwana Hatakeyama, fundi mwenzake Baba, ile moja anayoitegemea kazini. Ikawaka nyekundu, ikatulia. Akacheka, akasema chaja ni nzima kuliko wenye nyumba. Baba akamjibu kwamba angalau chaja haina domo. Basi iliyokufa ni betri yetu, na aina hiyo haitengenezwi tena.

Baba anaamini aliiua yeye, kwa sababu Jumanne ilimponyoka kwenye ngazi za Bibi Onodera. Nilipomwambia tutafute drili nyingine, akasema mkono ulioangusha betri utaangusha na drili. Akaenda kwa Bibi Onodera, akainama, akamwomba atafute fundi kijana. Alipatikana siku ile ile.

Kaka, si yeye. Baada ya kuanguka ilifanya kazi hadi jioni. Jumatano, asubuhi ya mahafali yangu, betri ilikuwa baridi mno na chaja haikuipokea. Nikaiweka ndani ya kotatsu, chini ya blanketi la meza, karibu na hita yake, kama tunavyopasha soksi. Nikaenda shuleni. Niliporudi mchana ilikuwa haishikiki kwa moto. Nikaogopa, nikaifukia kwenye theluji mlangoni ipoe, kisha nikaifuta na kuirudisha sandukuni.

Kila siku nafungua mdomo, na kila siku Baba ananitangulia. Jana aliwaambia majirani kwamba mimi ndiye niliyerithi akili ya ufundi.

Jumapili Bwana Hatakeyama atakuja kuchukua benchi la Baba la kurandia mbao, kwa kuwa Baba anasema ufundi ameuacha. Baba ameniomba nimsaidie kulibeba, nishike upande wa bega lake bovu. Nimekubali.

Jifunike vizuri, na wasalimie wenzako wa bwenini. Tafadhali usimpigie Baba simu wiki hii; bado sijamwambia.

Mdogo wako,
Misuzu