Puti ya Futi Tatu

Jumapili, 3 Novemba 2002

Jana kwa gofu nimekosa tena puti, ule msukumo wa mwisho wa kuingiza mpira shimoni. Futi mbili na nusu — mtoto angeusukuma huo mpira kwa kidole ukaingia. Mkono wa kulia ukashtuka kama umeguswa na waya wa stima, na mpira ukapita shimo ukaenda mbali kuliko ulikotoka. Nanjala akasema, "Si neno, Baba Sheryl." Akaurudisha yeye, ukaingia.

Tumeshinda hata hivyo. Sasa ni nusu fainali ya kombe la mume na mke. Mpira ni mmoja, mnapiga kwa zamu, kwa hivyo kosa langu yeye ndiye hulibeba.

Huu ni mwezi wa nne mkono unanifanyia hivi. Puti ndefu sina shida nazo. Ni zile fupi, zile watu wameshaanza kutembea kwenda shimo lingine kabla hujapiga.

Jumanne, 5 Novemba

Kabla ya kwenda kazini nimelaza glasi kwa zulia nikaputi. Hamsini mfululizo! Mkono umetulia kama wa fundi saa. Sheryl akatoka na uniform yake, akasimama mlangoni na chai. "Daddy, si uko sawa kabisa." Ya hamsini na moja ikagonga mguu wa kochi.

Basi si mkono. Lakini Sheryl ni mtoto wangu. Kwake naogopa nini?

Ijumaa, 8 Novemba

Hiram, kapteni wa klabu, ameniambia nitazame shimo, nisitazame mpira. Sita zikaingia. Ya saba mkono ukawa umeshajua ujanja.

Jumapili, 10 Novemba

Jana nilienda Kajiado peke yangu kufanya mazoezi. Uwanja wetu hauna nyasi pale shimoni; ni brauni, mchanga uliokorogwa na oil chafu, na unaburutiwa gunia ulainike kabla ya kuputi. Musila, kedi wetu wa kubeba fimbo, ananiburutia. Ni mtu wa maneno machache. Ati nichague njia ya mpira, halafu niachane na habari ya shimo, hiyo si kazi yangu. Nikajaribu. Kichwa kikanyamaza kidogo. Kumi zikaingia, naye akitazama. Basi macho ya watu siyo shida yote.

Leo kanisani, katikati ya mahubiri, nikaelewa. Shimo siliogopi. Naogopa ile "si neno" ya Nanjala.

Nilipofutwa kazi '99, miezi kumi na minane alitulisha na mshahara wa ualimu. Kodi ya nyumba, shule ya Sheryl, hata viatu vyangu vya kuendea interview. Kila jioni nikirudi mikono mitupu: si neno, Baba Sheryl. Hakuwahi kunilaumu. Lawama ningeijibu. Sasa niko na kazi tena huku kwa shamba la maua, nasimamia maji ya greenhouse nane, watu thelathini chini yangu. Lakini nikisimama juu ya futi tatu, nasikia hilo neno kabla hajalisema.

Jumamosi, 16 Novemba

Tuko fainali. Ningepaswa kufurahi. Wacha niandike vile ilikuwa.

Siku nzima sikupata puti fupi hata moja. Zangu zote zilikuwa za mbali, hatua kumi, kumi na tano. Nasukuma mpira karibu, Nanjala anamalizia. Mkono haukushtuka. Nikafikiri nimepona. Nikapiga hata mluzi.

Baadaye nilienda kunawa kwa mfereji nyuma ya banda la makedi. Nanjala alikuwa upande wa pili na Musila. Sikukusudia kusikiliza. Alikuwa anamshukuru Musila kwa zile fimbo alizomchagulia, na kumwambia fainali wafanye vilevile: mpira akiupiga yeye usimame mbali na shimo, mimi niupige kutoka huko. "Asipate fupi hata moja," akasema. Musila akauliza, na mzee akijua? Nanjala akasema hatajua.

Kajiado mpaka nyumbani Kitengela sikufungua mdomo. Aliniuliza kama kichwa kinauma. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 18 Novemba

Chakula sikumaliza. Gari za kampeni zinapiga kelele barabarani kutoka asubuhi. Afadhali hizo kuliko nyumba hii.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwambia. Alikuwa anasahihisha vitabu vya darasa la sita. Nikasema nilisikia, pale mferejini.

Hakukana. Akafunika kalamu.

"Ulitaka nifanye nini? Nikuone ukitetemeka mbele ya watu?"

"Ndiyo," nikasema. "Unione."

"Na tukishindwa?"

"Tushindwe. Lakini usinibebe, Mama Sheryl. Umenibeba ya kutosha."

Akasukuma vitabu kando. Halafu akasema jambo sikuwa nimelifikiria. Kwamba ile miaka mibaya aliogopa. Kila siku. Kwamba "si neno" alikuwa anajiambia yeye mwenyewe, na mimi nilikuwa naisikia tu.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Akarudi kwa vitabu. Nimebaki na maji ya chai kwa jiko yakichemka mpaka yakaisha.

Jumamosi, 23 Novemba

Kwa klabu. Saa kumi kasoro. Mvua na radi. Hiram amepuliza filimbi, tukakimbia wote ndani. Nimetoa shajara kwa begi kwa sababu siwezi kukaa bure.

Tunacheza na Gakuru na mkewe Jane, wenye hardware ya Kitengela. Tuko sawa mpaka shimo la mwisho. Wao wamelimaliza kwa mipigo mitano. Sisi tulikuwa tumepiga mbili, zamu ya Nanjala, hatua thelathini kutoka shimo. Musila akamnyooshea fimbo ileile ya juzi. Akaikataa. Akachukua nyingine mwenyewe. Mpira ukaruka chinichini, ukaviringika polepole, nikawa naomba usimame, usimame mbali. Ukaja mpaka futi tatu. Ikiingia, nne, kombe ni letu.

Akanipita akisema, "Hiyo ni yako." Basi. Ndipo radi ikapiga upande wa milimani. Nimeacha sarafu ya shilingi kumi kuweka alama mahali pa mpira.

Sasa hivi Hiram amependekeza kombe ligawanywe, miezi sita kwao, sita kwetu, watu waende nyumbani kabla barabara haijaharibika. Gakuru amesema kwake ni sawa. Jane pia. Wakamgeukia Nanjala. Amesema wamuulize mwenye puti.

Chumba kizima kikaniangalia. Ilikuwa rahisi sana. Kukubali tu, na hakuna mtu angejua nimeikimbia puti, isipokuwa mmoja.

Nikasema, "Tungoje mvua iishe."

Gakuru amecheka, amevuta kiti. Nanjala ameenda dirishani, amenipa mgongo. Sijui anawaza nini. Kwa mara ya kwanza sijaribu kujua.

Mvua imepungua. Musila ametoka na gunia lake, anaburuta njia kutoka shilingi yangu mpaka shimo, mara mbili, mara tatu. Njia ni nyoofu. Mkono wa kulia umeanza, hata mwandiko unaonyesha. Nitaenda nao hivyo hivyo. Hiram anaita