Mikono Isiyotakata

Jumanne, 8 Julai

Adhuhuri imenipita tena. Natawadha, nikifika miguuni naona tone limerukia kanzu, naanza upya. Tone la nini, sijui. Nyumba nzima inanuka maziwa yaliyochacha. Maimuna, mtoto wetu mchanga, humcheulia mamake begani, mke wangu Mwanaisha hupangusa kwa ncha ya leso, na kwa leso hiyo hiyo leo akafuta kikombe changu. Nikaimwaga chai. Aliniona.

Kabla mtoto hajazaliwa sikuwa hivi.

Alhamisi, 10 Julai

Kazini Shanzu niko sawa. Hilo ndilo silielewi. Kutwa nakusanya shuka na foronya za wageni wa hoteli. Zina jasho, zina pombe, zina mambo siwezi kuyaandika. Nazitia mashineni, naosha mikono mara moja, nakula. Nikifika kwangu Kiembeni, mlangoni tu, nakimbilia maji. Damu yangu mwenyewe ndiyo inanitia kinyaa. Mtu gani mimi?

Mama mkwe, aliyetoka Jomvu Kuu kuja kumwangalia mzazi, alinijia leo na mtoto mikononi, anacheka, anataka nimpokee. Nikasema nina mafua. Uongo. Sijambeba tangu watoke hospitali.

Jumapili, 13 Julai

Maji yamekatika mtaani. Mwenye mkokoteni alileta mitungi asubuhi, jioni imekwisha yote. Niliyeimaliza ni mimi. Nepi zimelala ndooni bila kufuliwa, nzi wamezijaa, harufu yaingia mpaka chumbani. Vifundo vya vidole vimepasuka, vinatoka damu. Damu nayo ni najisi, basi naosha tena.

Huu ni upuuzi. Najua ni upuuzi. Naosha.

Jumatano, 16 Julai

Sitaki kuandika ya leo.

Mwanaisha ana homa, titi limevimba, alilala kama aliyezimia. Mama mkwe alikuwa sokoni. Mtoto akaamka. Nepi imefurika, kinyesi cha manjano mgongoni, mpaka shingoni. Akalia. Nikasimama mlangoni. Nikajiambia ingia. Sikuingia. Akalia hata sauti ikakauka, na mimi nikaenda kunawa, maji yalikuwa yamerudi. Sikuwa nimegusa kitu.

Mama mkwe alinikuta pale mferejini.

"Mtoto yuwalia, wewe waosha mikono? Umegusa nini?"

Alimwokota mtoto, akamwosha. Mwanaisha alikuwa ameamka. Alikuwa ameyasikia yote, akaniuliza.

"Twaha, wamkirihi mwanao?"

"Simkirihi yeye."

"Wamkirihi nani, basi?"

Ijumaa, 18 Julai

Wamekwenda Jomvu Kuu, bibi, mama na mtoto. Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea.

Nimesugua sakafu, kuta, hata vitasa. Nyumba haina harufu hata chembe. Kichefuchefu kipo pale pale. Kumbe si wao.

Jumanne, 22 Julai

Baada ya alasiri nilimngoja maalim wa msikiti wetu. Nilitaka anieleze kinyesi cha mtoto kinatoharishwa vipi, mara ngapi. Akaitazama mikono yangu kwanza.

"Mwanangu, swali lako si la tohara. Una waswasi wewe, shaka isiyokwisha."

Akasema kila kiungo mwisho mara tatu, kisha nifunge mfereji hata moyo ukipiga kelele. Nikamwomba dua. Akanifundisha. Halafu akasema, "Na hospitali nenda. Maradhi haya yana daktari wake."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimchukia pia. Nilitaka aniambie kwamba mimi ni mtu safi, wengine ndio wachafu.

Alhamisi, 31 Julai

Kliniki ya wagonjwa wa akili. Nilikaa nimeinamisha kichwa nisitambuliwe. Benchi linanata. Jirani yangu anakohoa bila kuziba mdomo. Niliinuka niondoke, jina likaitwa.

Daktari ni msichana, mdogo kuliko mimi. Akauliza, nikiona ile nepi, naona nini kichwani? Sijapata kumwambia mtu. Namwona Maimuna amepata uchafu kutoka mikononi mwangu, anaharisha, anakufa, na mimi ndiye niliyemwua. Nikalisema. Nikalia mbele ya yule msichana, kamasi mpaka mdomoni, kinyaa kitupu. Hakushtuka. Alisema hali hii huwajia wazazi wapya, akina baba pia.

Amenipa vidonge. Amenipa na kazi: nishike kitu kinachonichukiza, nisinawe, ningoje. Hofu itapanda, kisha itashuka yenyewe. Leo nimeshika kifuniko cha pipa la taka. Nikangoja. Nikatapika. Nikanawa.

Kesho tena.

Jumanne, 5 Agosti

Pipa tena. Leo sikutapika. Nilikaa sebuleni mikono imening'inia kama si yangu, naichukia. Nikanywa chai kwa mikono hiyo. Chai ilikuwa chai.

Jumapili, 10 Agosti

Jomvu Kuu. Mwanaisha hakunifurahia, wala hakunifukuza. Nilimweleza yote, mpaka lile la kifo. Alisikiliza huku akikunja nguo za mtoto.

"Ungenambia," akasema.

Mama mkwe hakuniuliza. Alimweka Maimuna mapajani mwangu akaenda zake jikoni. Mzito kuliko nilivyodhani. Haukupita muda akanicheulia. Maziwa yakanichuruzika, ya moto, yakaingia ndani ya mkono wa shati. Kinyaa kikapanda kama kawaida yake. Niliutazama mfereji pale uani. Mwanaisha alinitazama mimi.

Nikakaa.

Mtoto akapiga mwayo, akanishika kidole, pale pale penye mpasuko. Kiliuma. Akalala hivyo, mdomo wazi.

Magharibi ikaadhiniwa. Mwanaisha akaja na leso, akanyoosha mikono ampokee, nikatawadhe.

Nikamwambia, bado kidogo.