Sauti kwenye mashine ya Papa Neema

Alhamisi. Mvua imeshuka Kalemie tangu asubuhi, nami nimechoka hata kabla ya kufungua kibanda cha fotokopi.

Marehemu mume wangu, Papa Neema, hakuwa akianzisha kazi ndefu kwenye kompyuta wingu jeusi likionekana upande wa ziwa, akihofia umeme. Leo nilisahau. Nilianza kusasisha mfumo, umeme ukakatika katikati. Uliporudi, karibu kila programu ilikataa kufunguka, ikisema maktaba yake, yaani vipande inavyovitegemea, haipo.

"Mashine imegoma kama mwenyewe!" akacheka Mama Sifa, jirani anayeuza dagaa. "Marehemu naye hakupenda kuharakishwa."

Nilicheka pia. Ilikuwa kweli.

Fundi Papa Kalunga, niliyemwita aitazame, hakucheka. "Mama Neema, hii njo imekufa. Tufute yote, tuweke mupya."

Nikamwomba anipe mpaka kesho. Humo ndani mna sauti ya mume wangu, na sina nakala. Ni sauti fupi tu: anajaribu maikro ya kurekodia, anakohoa, kisha ananiuliza kama chai imebaki.

Mchana nikakumbuka mume wangu alivyonieleza zamani. Programu nyingi haziji na kila kitu. Zinaazima vipande kwenye saraka, yaani folda, moja ya pamoja. Saraka hiyo ikiharibika, zote zinalala. Lakini waliotengeneza mfumo huu huru wa kompyuta waliacha saraka mbili, /bin na /sbin, ambamo kila programu ilijengwa na vipande vyake vyote ndani. Ni nzito kidogo, alisema, kama mtu anayepanda Kirungu, kule juu mlimani, na sufuria yake, unga wake na chumvi yake. Hagongi mlango wa mtu.

Nikaandika majina ya programu hizo polepole, kidole kimoja kimoja. Programu ya kukarabati diski iliitika. Ya kuunganisha fulashi, ikaitika. Ya kunakili pia.

Faili ya sauti ikapita kwenye fulashi.

Nilikaa pale nikisikiliza mvua juu ya mabati. Sikufurahi kama nilivyodhani. Niliona tu kwamba mimi sikujengwa kama programu zile. Miaka yote niliazima kwake: subira, majina ya wateja, hata njia ya kufunga hesabu za siku.

Na bado leo nimeazima.

Kesho Papa Kalunga anaweza kufuta mashine. Fulashi nimeifunga kwenye pindo la kitenge.

Sauti yake bado sijaisikiliza. Nitaanza kwa kuchemsha chai.