Kibuyu cha Baba na Pombe ya Toivo

New Hope, Minnesota
11 Februari 2006

Mpendwa mdogo wangu Verediana,

Leo natimiza miaka thelathini na miwili nje ya Kamachumu. Natumaini mguu wako umepona na kahawa imepata bei. Mimi mzima, ila nimeudhika, na sina mwingine wa kumwambia.

Uliniandikia kwamba tangu baba afariki, kila rubisi yetu ya ndizi ikiiva Alfred hakubali kunywa kabla yangu mimi kaka yake mkubwa, na kibuyu cha kwanza huchachia mbele ya kiti kitupu cha baba. Nikafikiri, kwa nini nisiitimize mila hukuhuku?

Nina jirani, mzee Toivo, ambaye wazazi wake walitoka Finland. Hupika pombe kali ya shayiri kwa siri, kama gongo ya kwetu. Huloweka shayiri mpaka ichipue, huikausha kwenye mabenchi ya chumba chake cha mvuke, huisaga, huikoroga na maji ya moto, na ikipoa huitia hamira. Ikishachacha huichemsha katika debe la maziwa. Mvuke hupita kwenye bomba la shaba lililofukiwa thelujini, ukatoka matone.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na kibuyu cha marehemu baba, nikakinga matone ya kwanza. Toivo alininyang'anya, akayamwaga kwenye theluji. Nilimweleza kwa ukali kwamba kwetu ya kwanza ni ya mkuu wa nyumba. Akasema, "Theophil, ya kwanza ina sumu. Hata mfalme hapewi. Kaa usubiri kama sisi wengine."

Nikasubiri. Aliyonipa baadaye ilikuwa safi kama maji, haina hata harufu ya shayiri. Nilipolalamika alicheka, akasema ameihangaikia maisha yake yote iwe hivyo. Nikataja jina la baba, nikanywa. Koo liliungua, basi. Nilikuwa mzee aliyelewa kwa jirani.

Verediana, tikiti ya ndege ya kuja huko aliyoninunulia binti yangu Maureen nimeirudisha jana. Aliniuliza sababu, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nikaendelea kukifunga kibuyu kwa magazeti.

Kibuyu anakuletea Ikupa, Mtanzania mwenzangu wa hapa, anayesafiri kuja huko wiki ijayo. Mpe Alfred. Akalie kile kiti, anywe rubisi ingali tamu, na asimngoje mtu.

Nisalimie wajukuu wako, na majirani wanaonikumbuka. Mimi sirudi.

Kaka yako,
Theophil